Ukiuzima Mkwaruzo, Umeizima Ilimba

Fundi mitambo alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye sikio. Studio yake ni chumba kimoja cha uani, kuta zimebandikwa trei za mayai, na godoro limesimamishwa mlangoni kuziba kelele za bodaboda. Mzee aliyekuja kurekodiwa alikuwa Mgogo, ilimba yake, chombo cha muziki chenye ndimi za chuma, ameibeba ndani ya kiroba cha unga. Shikamoo, marahaba, wakaelewana. Mzee akakaa kwenye stuli, akapiga. Mimi nilikuwa pale kama dalali tu, niliyewakutanisha.

Baada ya dakika mbili fundi akasimamisha. "Mzee, kuna kitu kinakwaruza humo ndani. Labda msumari umelegea." Mzee akaigeuza ilimba yake, akaikagua, akasema hakuna kilicholegea. Wakarudia. Mkwaruzo uleule. Fundi hakutaka kumuudhi, akarekodi hadi mwisho. Mzee alipotoka nje kupunga hewa, kijana akafungua programu ya kusafisha sauti, akachagua kipande chenye mkwaruzo mtupu, akaiambia kompyuta: hii ni taka, iondoe kote. Kompyuta ikatii. Mzee aliporudi akachezewa kazi iliyosafishwa. Akasikiliza kwa heshima mpaka ikaisha, kisha akauliza, "Huyu anayepiga ni nani?"

Kila ninapokisimulia kisa hiki watu humcheka fundi. Mimi simcheki. Alifanya alichofundishwa, na kwa kipimo cha alichofundishwa alikifanya vizuri. Ila swali la mzee lina uzito kuliko mazungumzo mengi ninayoyasikia kuhusu muziki wa asili na teknolojia. Tumezoea kusema kwamba ngoma inapoingia studio, ya kale yamekutana na ya kisasa. Ukitazama kwa karibu, utakuta masikio mawili yanagombania jambo moja: ipi ni sauti na ipi ni kelele.

Utando wa buibui

Tuanze na huo mkwaruzo. Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mbao lenye ndimi nyingi za chuma, zinazopigwa kwa vidole gumba. Nyingine hazipigwi kabisa, zipo ili ziitikie jirani zake wanapolia. Kwenye ubao kuna matundu madogo, na juu ya matundu hayo mtengenezaji hubandika ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Ulimi ukipigwa, hewa ya ndani ya sanduku hutetemeka na utando hutetemeka nayo, lakini bila ustaarabu: unajigonga, unalikatakata wimbi, unazaa mvumo kama wa nyuki. Hakuna mtu anayezunguka kuta za nyumba akitafuta utando wa buibui kwa bahati mbaya. Ule mkwaruzo umetafutwa, ukapatikana, ukabandikwa kwa gundi.

Na Wagogo hawako peke yao. Balafoni, marimba za Afrika Magharibi, zina utando wa aina hiyo kwenye vibuyu vyake. Mbira za Zimbabwe, ndugu za ilimba, siku hizi hupigiliwa vifuniko vya soda ili vilielie. Likembe za Kongo huvishwa pete ndogo za waya kwenye ndimi. Sehemu kubwa ya bara imeafikiana kwamba sauti safi tupu ni sauti ambayo haijaiva.

Kuna sababu ya kimaumbile pia. Ulimi wa chuma peke yake hutoa sauti ya mviringo, laini, isiyo na mengi kwenye masafa ya juu. Uani, penye ngoma na waimbaji kumi, sauti hiyo humezwa. Mkwaruzo huongeza mitetemo ya juu, na sikio la binadamu huyanasa kwa wepesi zaidi masafa ya kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, huko ambako kilio cha mtoto mchanga kinakata usiku. Utando wa buibui ni kipaza sauti kisichohitaji betri.

Sasa mrudie fundi wetu. Programu za kusafisha sauti hufanya kazi kwa dhana moja: unaionyesha kompyuta sampuli ya uchafu, nayo inapunguza kila kinachofanana nao. Zilitengenezewa mlio wa feni, mvumo wa umeme, upepo kwenye maiki. Kwa kazi hiyo ni msaada mkubwa. Lakini programu haijui kwamba uchafu mwingine umebandikwa na mwenye chombo kwa mkono wake mwenyewe. Hilo mtu ndiye anayepaswa kulijua.

Mitetemo 13

Mkwaruzo ni jambo la kwanza. La pili limejificha zaidi, nalo ni ulinganifu wa sauti, yaani ile ngazi ambayo muziki unapandia.

Fikiria kamba ya zeze inayotetemeka mara 100 kwa sekunde. Ndani ya sauti hiyo moja kuna sauti nyingine ndogondogo zinazolia pamoja nayo: 200, 300, 400, na kuendelea. Ni maumbile, hakuna aliyeyapanga. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameonyesha kwamba ngazi ya muziki wa Wagogo imejengwa juu ya sehemu maalumu ya mfululizo huo, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Kwa mfano wetu: 400, 500, 600, 700, 800, 900. Kila fundi hulinganisha ilimba yake kwa sikio, kwa hiyo usitegemee namba kamili kwenye kila chombo, lakini mwelekeo ni huo.

Kinanda cha studio kimepangwa vingine. Kimegawa ngazi katika vipande 12 vinavyolingana, ili mtu aweze kuhamia ufunguo wowote bila kuchukiza sikio la aliyezoea mpango huo. Ukikianzisha kwenye 400 ileile, kinakupa 504 badala ya 500, 599 badala ya 600, na karibu 898 badala ya 900. Hizo zinavumilika. Kizaazaa kipo kwenye 700. Kinanda hakina 700. Kilicho nacho ni kama 713, na hapo ndipo ndoa nyingi za ilimba na kinanda huvunjika, kwa sababu 700 na 713 zikilia pamoja zinazaa mtikisiko wa mara 13 kwa sekunde, kama gari linalopita kwenye barabara ya makorongo. Prodyuza atasema ilimba imepotoka. Mgogo, akiulizwa, atasema kinanda ndicho kilichopotoka, na maumbile yako upande wake.

Halafu kuna programu za kunyoosha sauti ya mwimbaji, Auto-Tune ikiwa ndiyo mashuhuri. Usipoielekeza vingine, hujua ngazi ya kinanda tu. Ukimpitisha mwimbaji wa Kigogo humo, kila anapoigusa 700 yake inamvuta hadi 713, bila kumuuliza, mara mia katika wimbo mmoja. Kinachotoka kinaimbwa na mtu asiyekuwepo. Ajabu ni kwamba programu nyingi za aina hii huruhusu kuwekewa ngazi yoyote ile. Unaipima ilimba ya mzee, unaziandika namba zake, na mashine inamfuata yeye. Ni kazi ya nusu saa. Wachache huifanya.

Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, aliishi katikati ya ugomvi huu miaka mingi. Nyerere alipenda muziki wake na kumwita Dar es Salaam. Baadaye akawa nguzo ya sanaa ya Bagamoyo, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikamrekodi zaidi ya mara moja. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ilitoka Assembly, albamu aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, ambamo magitaa na sauti za mashine zimeizunguka ilimba na sauti yake. Kuna mahali inafanikiwa sana, hasa mashine inapojishusha na kuvuma chini kama ardhi. Kuna mahali, kwa sikio langu, sukari imezidi kwenye chai. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, wametoa Maisha kwa kampuni hiyohiyo, nayo ina vionjo vya mashine. Zamani wanawake wa familia walikuwa waitikiaji na wapiga ngoma ya muheme nyuma ya Hukwe. Sasa wao ndio wako mbele.

Maiki haijawahi kuwa shahidi tu

Watu wanaoogopa majaribio husema, "Rekodini muziki kama ulivyo, msiongeze kitu." Nia njema, lakini hakuna rekodi ya namna hiyo, na haijawahi kuwapo.

Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Taarabu haikutungwa kwa dakika tatu. Inataka muda wa mtu kutunzwa, kurudia ubeti, kumchokoza aliyekaa pembeni. Saa ya santuri ndiyo iliyoamua wimbo uanzie wapi na ukatikie wapi, na sisi tuliozaliwa baadaye tunazisikiliza nyimbo zile tukidhani ndivyo zilivyokuwa barazani.

Au mchukue Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka kusini, kati na mashariki mwa Afrika akirekodi, na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini. Alikuwa akishika maiki kwa mkono wake, akiisogeza karibu na mwimbaji, kisha karibu na chombo, kisha kumrudia mwimbaji. Leo tungesema alikuwa akichanganya sauti palepale. Uwiano tunaousikia kwenye rekodi zake, sauti iko wapi na ngoma iko wapi, ni uamuzi wa mkono wake. Mkono mzuri, nakiri. Lakini ni mkono.

Mwaka 1950, kwa Wakipsigis wa Kenya, Tracey alirekodi wasichana wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekwisha kufariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi vijiji vile na gramafoni. Watu walisikia sauti bila kuona mtu, wakamjengea mwili, wakamtungia wimbo kwa kinanda chao cha nyuzi. Kwa hiyo siku mtaalamu alipofika na mashine yake kurekodi muziki wa asili usioguswa, alirekodi wimbo uliozaliwa na rekodi. Mashine ilikuwa imetangulia kufika.

Kairo, 1944

Vitabu vingi vya historia ya muziki wa majaribio, ule unaotafuta sauti nje ya mazoea, huanzia Paris mwaka 1948, Pierre Schaeffer alipoanza kutengeneza vipande vya muziki kutokana na sauti zilizorekodiwa, za treni na vinginevyo. Ni kazi kubwa, haina ubishi. Lakini miaka minne kabla, mjini Kairo, Halim El-Dabh, kijana aliyesomea kilimo, aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kituo cha redio na kwenda nayo kwenye zar.

Zar ni ngoma ya uganga, wanawake wakiwa mstari wa mbele, inayopigwa kumtuliza pepo aliyemkalia mtu. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi, ngoma za pepo anazijua. El-Dabh alirekodi sauti zile, akarudi nazo kituoni, akazicheza ndani ya vyumba vya mwangwi, akazirekodi upya, akapunguza sauti za msingi mpaka zikabaki zile sauti ndogondogo zinazoelea juu yake. Kilichobaki ni kama moshi wa kuimba. Unajua ni binadamu, lakini humshiki. Kazi hiyo inahesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani za muziki uliotengenezwa kutokana na sauti iliyorekodiwa.

Ninachokipenda kwenye kisa cha El-Dabh ni kwamba hakuipamba zar kwa mashine. Aliuliza: katika ngoma hii, ni kitu gani kinachomfikia pepo? Akaichambua sauti kutafuta jibu. Mtu anayechuja, anayerudia, anayezamisha sauti ya msingi ili iliyo juu yake isikike, anafanya jambo ambalo waganga hulifanya kwa ngoma, moshi na usiku mrefu. Baadaye alihamia Marekani, akafanya kazi kwenye studio ya muziki wa umeme ya vyuo vya Columbia na Princeton, akafariki mwaka 2017.

Spika iliyopasuka kwa makusudi

Tukitoka Kairo twende Kinshasa, kwa kundi ambalo kwangu ndilo somo zima kwa ufupi. Mawangu Mingiedi, Mzombo kutoka eneo la mpaka wa Kongo na Angola, alikuwa mpiga likembe. Likembe ni ndugu wa ilimba, ila sauti yake ni ndogo, ya kusindikiza msafiri njiani. Kinshasa ya miaka ya sitini ilikuwa na magari, baa, na bendi za rumba zenye magitaa ya umeme. Likembe isingesikika hata meza ya pili.

Mingiedi na wenzake hawakwenda dukani kununua maiki. Walichukua sumaku kutoka vipuri vya magari makuukuu, wakasokota waya, wakachonga maiki zao wenyewe na kuzifunga kwenye likembe: moja ya besi, moja ya kati, moja ya juu. Sauti ikapitia amplifaya na kutokea kwenye vipaza sauti vya honi, vile vya mdomo mpana, masalia ya enzi za Wabelgiji. Sufuria na vyuma vya magari vikawa ngoma. Likazaliwa kundi la Konono Nº1.

Nini hutokea hapo kifundi? Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, haiwezi kulifuata wimbi hadi kileleni, hulikata kichwa. Wimbi lililokatwa kichwa huzaa mitetemo mipya ya juu ambayo haikuwamo. Mhandisi huita hali hiyo upotoshaji, na maisha yake yote hufundishwa kuikimbia. Lakini iangalie vizuri: mitetemo ya juu isiyokuwamo, inayoifanya sauti ing'ate. Ndiyo kazi ileile ya pete za waya kwenye likembe na ya utando wa buibui kwenye ilimba. Amplifaya mbovu ilichukua kazi ya pete na kuifanya kwa ukubwa wa jiji.

Kundi lilirekodiwa kwa ajili ya redio ya Ufaransa mwishoni mwa miaka ya sabini, kisha likapotea masikioni mwa watu wa nje. Mbelgiji Vincent Kenis aliisikia rekodi ile, akawatafuta kwa miaka, akawapata. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa Congotronics, iliyorekodiwa Kinshasa kwa kompyuta ya mkononi. Kenis hakumfuata mpiga likembe na kitambaa cha kusafishia. Aliacha honi zipige kelele. Wasikilizaji wa muziki wa majaribio wa Ulaya na Marekani wakapigwa na butwaa. Miaka mitatu baadaye kundi lilikuwa likisikika kwenye albamu ya Björk, mwimbaji wa Iceland.

Sasa angalia jina lao kamili: Orchestre Folklorique T.P. Konono Nº1. Folklorique, yaani okestra ya muziki wa asili. Wao walijiona wanapiga muziki wa wazee wao, kwa sauti ya kutosha kusikika. Muziki wa majaribio ni jina walilopewa na waliokuwa wakisikiliza kwa mbali.

Spoku, vinanda vidogo na kasi

Kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, kuna larakaraka, ngoma ya uchumba na harusi. Chombo chake kikuu ni nusu ya kibuyu inayochapwa kwa kifungu cha spoku za baiskeli. Spoku nazo hazikuletwa na mababu, lakini hakuna mzee wa Gulu atakayekwambia kibuyu kile si cha asili. Baada ya vita vya miaka mingi, watu wamefukarika na vikundi vimesambaratika, kuita kundi zima la wapigaji harusini kukawa gharama isiyobebeka. Waimbaji kama Otim Alpha, akishirikiana na prodyuza Leo PaLayeng, wakaihamishia larakaraka kwenye kompyuta: mchapo wa vibuyu ukawa mchapo wa mashine, kasi ikabaki, kuitana na kuitikiana kukabaki. Kazi hizo zilikusanywa mwaka 2017 katika Gulu City Anthems, chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jina ambalo kwa Kiganda lina heshima yake na ambalo msomaji wa Kiswahili hulisoma huku akiangalia kama kuna mtoto karibu. Hapa hakuna aliyekaa chini kupanga jaribio la sanaa. Bei ya harusi ndiyo iliyowapeleka kwenye kompyuta.

Dar es Salaam ina kisa kinachofanana. Mchiriku ulitoka kwenye ngoma za Kizaramo ukatua kwenye vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, vilivyounganishwa na spika zilizochoka mpaka vikalia kama mbu ndani ya kopo. Fundi wa studio kubwa angesema kile si kinanda. Wapigaji wa uswahilini walikijua walichokitaka: sauti nyembamba, kali, inayotoboa vumbi na makelele ya watu mia tano kwenye uwanja wa mtaa.

Kisha ikaja singeli, kutoka mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Mwanzoni ma-DJ walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha virudie na kuviongeza kasi, MC akachana juu yake. Kasi ya singeli inacheza kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Kuna mambo mawili ya kifundi hapo. Ukikimbiza rekodi kwa njia ya kawaida, kasi ikizidi maradufu sauti nayo inapanda ngazi nzima: mama wa taarabu anageuka kinyago cha katuni. Ukitumia programu inayoongeza kasi bila kupandisha sauti, kompyuta hulazimika kuikatakata rekodi vipande vidogo mno na kuvishona upya, na mishono huonekana. Sauti inapata ukungu, inatetereka. Studio ya kistaarabu ingeficha mishono ile. Singeli inaitandaza sebuleni.

Albamu ya mkusanyiko ya Sounds of Sisso, iliyotoka mwaka 2017 kupitia wale wale wa Kampala, ndiyo iliyoifikisha singeli ya Mburahati kwenye kumbi za Ulaya. Nitasema kinachonikera: nimekutana na watu wa tamasha za sanaa hapa nyumbani wanaoita singeli kelele za wahuni, halafu wanasifia muziki wa asili ulioboreshwa kwa filimbi laini na ukungu wa kinanda nyuma. Ukiniuliza mtoto halali wa ngoma za mitaani, vigodoro na mdundiko, ni yupi, nitakuonyesha yule mwenye mapigo 280.

Nani ameulizwa

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba kila mkutano ni wa heri. Haiko hivyo. Mwaka 1970 mtafiti Hugo Zemp alirekodi katika Visiwa vya Solomon mwanamke aitwaye Afunakwa akiimba wimbo wa kumbembeleza mtoto yatima. Rekodi ikatolewa katika mfululizo wa UNESCO. Mwaka 1992 kundi la Ufaransa, Deep Forest, liliichukua sauti yake, likaizamisha kwenye biti na vinanda laini, wimbo ukauzwa dunia nzima kwenye albamu iliyonadiwa kwa jina la watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Sauti ya bibi wa Pasifiki ikauzwa kama ya Mbilikimo wa Kongo. Zemp mwenyewe alilalamika hadharani kwamba hakutoa idhini.

Teknolojia ya wale jamaa ilikuwa ileile ya mtu wa singeli: kata, zungusha, ongeza. Tofauti ni kwamba DJ wa Manzese anakata taarabu iliyomlea, na shangazi yake akiudhika atamjia mlangoni. Afunakwa hakuwa na mlango wa kubisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazigusa pia kazi za jadi, lakini mpaka leo karatasi nyingi za studio zina nafasi ya mtunzi mmoja mwenye jina moja. Wimbo wa ukoo utajaza jina la nani? Mara nyingi linajazwa la mwenye kompyuta.

Yule mzee na yule fundi walirudiana wiki mbili baadaye. Safari hii tulitoka nje, chini ya mwembe, maiki mbili: moja hatua mbili mbele ya mzee, nyingine imeelekezwa kwenye yale matundu yenye utando, karibu kabisa. Hakuna kliki ya kuhesabia mapigo, hakuna hedifoni. Wajukuu wawili waliimba pamoja naye palepale, kwa hiyo sauti zao zimeingia kwenye maiki ya ilimba na ilimba imeingia kwenye sauti zao, huwezi kuzitenganisha tena, na jogoo mmoja ameingia kwenye zote. Fundi alikuna kichwa, akaacha.

Jioni ile akamtumia mzee kwa WhatsApp. Simu ya mzee ni ndogo, spika yake ukubwa wa ukucha, na spika ya namna hiyo haina uwezo wa sauti nene: chini ya mitetemo mia tatu au mia nne hakutoki kitu. Sauti za msingi za zile ndimi kubwa zilipotea zote. Kilichopenya ni mitetemo ya juu, ule mkwaruzo, na sikio likipewa hiyo hujijazia lenyewe sauti ya chini iliyokosekana. Mzee akaiweka simu sikioni, akasikiliza, akampa mjukuu naye asikilize. Fundi alikuwa amekaa pembeni, akitazama faili la ile rekodi ya kwanza, iliyosafishwa, ambalo kwenye simu ileile lilikuwa limetoa mlio mdogo kama wa kijiko kinachogonga glasi chumba cha pili. Akalifuta.